Kwa nini muswada uliokataliwa Jumatatu ulipitishwa Ijumaa: kura ya Marekani ya mwaka 2008

Msomaji ameniuliza hivi: "Mwaka 2008 Baraza la Wawakilishi la Marekani lilikataa muswada wa kuyanusuru masoko ya fedha, kisha siku nne baadaye likaukubali. Je, muswada ndio uliobadilika au ni wabunge? Na tukisema kwamba soko la hisa ndilo lililopiga kura ile, tutakuwa tumekosea?"

Ndugu msomaji, nakushukuru kwa swali hili, maana linagusa tukio ambalo nimelifuatilia kwa miaka mingi na ambalo mara nyingi husimuliwa kwa haraka mno. Kwa ufupi, kiini cha muswada hakikubadilika kati ya Jumatatu ya tarehe 29 Septemba na Ijumaa ya tarehe 3 Oktoba. Kilichobadilika ni namna wabunge walivyomwona mtu ambaye angeumia endapo wangesema hapana. Hata hivyo, anayedai kwamba soko ndilo lililopiga kura anaisahau kazi iliyofanyika katika siku tisa zilizoitangulia kura ya kwanza, na kwa maoni yangu kazi hiyo ilikuwa na uzito kuliko kura zote mbili, kwa kuwa ndiyo iliyoweka masharti ya jinsi fedha za walipakodi zingetoka na jinsi zingerudi.

Ili uelewe kilichojadiliwa, ni lazima kwanza uone kilichokuwa kikivunjika. Jumatatu ya tarehe 15 Septemba, benki ya uwekezaji ya Lehman Brothers, iliyokuwa na mali za zaidi ya dola bilioni 600 katika vitabu vyake, iliomba ulinzi wa sheria ya ufilisi. Siku iliyofuata, Benki Kuu ya Marekani ilikubali kuikopesha kampuni ya bima ya AIG hadi dola bilioni 85 ili isianguke nayo. Siku hiyohiyo mfuko wa uwekezaji uitwao Reserve Primary Fund ulitangaza kwamba kila dola iliyowekwa humo sasa ilikuwa na thamani ya senti 97, kwa sababu ulikuwa umeikopesha Lehman. Habari hii ya tatu haikupata vichwa vikubwa vya habari kama zile mbili, lakini ndiyo iliyowanyima usingizi wasimamizi wa fedha. Watu na makampuni walizoea kuihesabu mifuko ya aina hii kuwa salama sawa na akaunti ya benki, na mifuko hiyo ndiyo iliyokuwa mnunuzi mkubwa wa hati za mkopo wa muda mfupi, yaani karatasi ambazo makampuni makubwa hutoa ili kukopa fedha za wiki chache za kulipia mishahara na malighafi. Wenye fedha walipokimbilia kuzitoa, mifuko iliacha kununua hati hizo, hata zile za viwanda ambavyo havikuwa na uhusiano wowote na mikopo chechefu ya nyumba.

Hapo ndipo palipokuwa na ugumu wa kisiasa, nami naomba utulie kidogo hapa, kwa sababu bila kulielewa jambo hili kura ya Jumatatu itaonekana kuwa ukaidi mtupu. Mgogoro wa ukwasi, yaani uhaba wa fedha taslimu za kukopeshana, huanzia mahali ambapo mwananchi wa kawaida hapaoni. Siku ile alipoamka, duka lilikuwa wazi, mshahara wake ulikuwa umeingia, na benki yake ilikuwa ikimlipa kama kawaida. Alichokiona kwenye habari ni mabenki ya Wall Street, yaliyopata faida kubwa kwa kununua na kuuza mikopo ya nyumba iliyotolewa ovyo, sasa yakija kuomba fedha zake. Mbunge naye alikuwa akiombwa kutoa fedha nyingi mno ili kuzuia balaa ambalo, kama lingezuiwa, lisingeonekana kamwe, na kwa hiyo asingeweza kumwonyesha mpiga kura wake kile alichokinunua.

Jumamosi ya tarehe 20 Septemba, Waziri wa Fedha Henry Paulson aliwapelekea wabunge pendekezo la kurasa tatu tu. Liliomba mamlaka ya kununua mali zinazotokana na mikopo ya nyumba kwa thamani ya hadi dola bilioni 700, na kifungu chake cha nane kilisema kwamba maamuzi ya Waziri yasingeweza kupitiwa upya na mahakama yoyote wala chombo chochote cha serikali. Nimekisoma kifungu hicho mara nyingi, na kila mara nashangaa kwamba kuna watu waliodhani kingepita. Katika nchi ambayo katiba yake inalipa Bunge peke yake uwezo wa kuruhusu fedha kutoka hazina, waziri mmoja alikuwa anaomba akabidhiwe kitita kikubwa kiasi hicho bila mtu wa kumuuliza. Paulson na mwenyekiti wa Benki Kuu, Ben Bernanke, walipofika mbele ya Kamati ya Benki ya Seneti tarehe 23 Septemba, chini ya uenyekiti wa Christopher Dodd, walikutana na hasira kutoka vyama vyote viwili.

Katika siku zilizofuata, majadiliano yaliyoongozwa na watu kama Dodd kwa upande wa Seneti na Barney Frank kwa upande wa Baraza la Wawakilishi yaligeuza kurasa tatu kuwa zaidi ya kurasa mia moja. Kilichoongezwa humo si mapambo. Kwanza, fedha ziligawanywa kwa awamu: dola bilioni 250 mara moja, bilioni 100 baada ya Rais kuthibitisha kwa maandishi kwamba zinahitajika, na bilioni 350 za mwisho ambazo Bunge lingeweza kuzipinga kwa azimio. Pili, ulinzi dhidi ya mahakama ukaondolewa, na maamuzi ya Waziri yakawa yanaweza kupingwa kisheria. Viliundwa pia vyombo vya kufuatilia fedha, vikiwemo ofisi ya mkaguzi mkuu maalumu na jopo la usimamizi la Bunge ambalo baadaye liliongozwa na Elizabeth Warren. Serikali ikapewa haki ya kupata hati za kununua hisa za makampuni yatakayosaidiwa, ili hisa zao zikipanda bei, mlipakodi naye apate sehemu ya faida. Malipo ya wakuu wa makampuni hayo yakawekewa mipaka, ingawa mipaka ile ilikuwa dhaifu. Na kifungu kingine kilimtaka Rais, baada ya miaka 5, kuleta pendekezo la kuifanya sekta ya fedha yenyewe ilipe hasara yoyote ambayo ingebaki.

Muswada ulipofika kwenye ukumbi wa Baraza la Wawakilishi tarehe 29 Septemba, ulikuwa na uungaji mkono wa Rais George W. Bush, wa Spika Nancy Pelosi, wa kiongozi wa Warepublikan John Boehner, na wa wagombea urais wote wawili, Barack Obama na John McCain. Hata hivyo ulianguka kwa kura 228 dhidi ya 205. Wademokrat 140 waliunga mkono na 95 wakakataa. Warepublikan 65 waliunga mkono na 133 wakakataa, yaani theluthi mbili ya chama cha Rais mwenyewe ilimgeuzia kisogo. Kura ambayo kwa kawaida huchukua dakika 15 iliachwa wazi kwa muda wa dakika 40 hivi, viongozi wakipita kati ya viti kuwasihi wenzao. Kama wabunge 12 tu kati ya waliokataa wangegeuka, matokeo yangekuwa tofauti.

Waliokataa hawakuwa kundi moja, na si haki kuwatupa wote katika kapu la waoga. Miongoni mwa Warepublikan walikuwamo walioamini kwa dhati kwamba serikali inayonunua hasara za watu binafsi inavunja kanuni ambayo uchumi wao umejengwa juu yake: anayekula faida ndiye anayebeba hasara. Miongoni mwa Wademokrat walikuwamo waliouliza kwa nini mabenki yanapata dola bilioni 700 huku familia inayokaribia kunyang'anywa nyumba ikiambiwa isubiri, na kwa nini majaji wa ufilisi wasipewe uwezo wa kupunguza deni la nyumba ya makazi, jambo ambalo mabenki yalilipinga na likaachwa nje ya muswada. Hoja zote mbili zilikuwa na uzito. Lakini juu ya hoja hizo kulikuwa na kalenda: uchaguzi ulikuwa tarehe 4 Novemba, viti vyote 435 vya Baraza vilikuwa vinagombewa, na simu na barua pepe zilizomiminika katika ofisi za wabunge zilikuwa kwa wingi mkubwa za kupinga. Wabunge waliokuwa na ushindani mkali majimboni mwao ndio walioelekea zaidi kusema hapana, na wale ambao hawakuwa wakirudi kugombea ndio walioona wepesi wa kusema ndiyo.

Sasa nije kwenye soko. Hesabu za kura zilipokuwa zikionekana kwenye televisheni, bei za hisa zilikuwa zikianguka pamoja nazo. Fahirisi ya Dow Jones, yaani kipimo cha bei za hisa za makampuni makubwa, ilifunga siku ikiwa imeshuka pointi 777, karibu asilimia 7, na fahirisi pana ya S&P 500 ikashuka karibu asilimia 9. Thamani ya hisa iliyopotea siku ile ilizidi dola trilioni moja. Kwa kuwa wafanyakazi wengi wa Marekani huweka akiba yao ya uzeeni katika mifuko inayonunua hisa, Jumatatu ile mgogoro uliokuwa haumgusi mpiga kura ukaonekana kwa mara ya kwanza kwenye karatasi yenye jina lake. Simu ziliendelea kulia katika ofisi za wabunge, lakini sasa zilikuwamo pia za wastaafu walioona akiba zao zimepungua na za wafanyabiashara wadogo waliosikia kutoka benki zao kwamba mikopo itakuwa migumu. Kwa maana hiyo, ndugu msomaji, hukosei kabisa: soko lilizungumza, na wabunge wakasikia.

Lakini usilibebe jambo hili kupita kiasi, na nina sababu mbili za kukuonya. Ya kwanza ni kwamba, kama soko lingekuwa ndilo hakimu, lingepaswa kutulia baada ya kupata lilichotaka, na halikutulia. Siku ya Ijumaa muswada ulipopita, Dow ilishuka tena, na katika wiki iliyofuata, iliyoisha tarehe 10 Oktoba, ilipoteza takriban asilimia 18, ikawa wiki mbaya kuliko zote katika historia yake hadi wakati huo. Anayesema kwamba kura ya Ijumaa ililiponya soko la hisa anapingana na rekodi, kama anavyopingana nayo anayesema kwamba anguko la Jumatatu peke yake lilithibitisha kwamba muswada ulikuwa mzuri.

Sababu ya pili ni kwamba kura hazikupatikana kwa hofu tu. Zilitafutwa moja moja. Katiba ya Marekani inataka miswada ya mapato ianzie katika Baraza la Wawakilishi, kwa hiyo viongozi wa Seneti walitumia njia ambayo wajuzi wa kanuni za Bunge wanaifahamu vizuri: walichukua muswada mwingine ambao Baraza lilikwisha kuupitisha, uliohusu usawa wa bima kwa matibabu ya magonjwa ya akili, wakapachika humo mpango wote wa kunusuru masoko. Kisha wakaongeza mambo ambayo mbunge angeweza kuyaonyesha kwao jimboni. Kiwango cha amana kinacholindwa na bima ya serikali kilipandishwa kutoka dola 100,000 hadi 250,000, jambo lililowapa nguvu wabunge waliosumbuliwa na benki ndogo za majimboni. Nafuu kadhaa za kodi zilizokuwa zinamalizika muda wake ziliongezewa muda, zikiwemo za nishati mbadala na za kuwakinga watu wa kipato cha kati na kodi iliyokusudiwa matajiri. Kilikuwamo hata kifungu cha kuondoa ushuru kwenye mishale ya mbao ya watoto, ambacho wapinzani walikitumia kama mfano wa namna sheria kubwa zinavyopakiwa mizigo midogo. Seneti ilipitisha kifurushi hicho Jumatano ya tarehe 1 Oktoba kwa kura 74 dhidi ya 25, na sasa sheria ilikuwa na kurasa zaidi ya 400.

Ijumaa Baraza la Wawakilishi lilikubali kwa kura 263 dhidi ya 171. Wademokrat waliounga mkono walipanda kutoka 140 hadi 172, na Warepublikan kutoka 65 hadi 91. Angalia kwamba bado wengi wa Warepublikan, 108, walikataa. Rais Bush alitia saini siku hiyohiyo.

Ukiniuliza ni wapi ninaposikitika zaidi, si katika kura hizo mbili bali katika kilichofuata. Kwa wiki mbili wabunge walijadili ununuzi wa mali mbovu, yaani zile zilizotokana na mikopo ya nyumba: bei yake ingepangwaje, nani angeziuza, na serikali ingezikalia kwa muda gani. Tarehe 13 Oktoba, siku 10 baada ya sheria kusainiwa, Paulson aliwaita wakuu wa mabenki 9 makubwa kwenye Wizara ya Fedha na kuwataka wakubali mtaji wa serikali wa jumla ya dola bilioni 125, kwa njia ya hisa za upendeleo, yaani hisa zinazolipwa kabla ya zile za kawaida, zenye gawio la asilimia 5 kwa miaka 5 ya kwanza na asilimia 9 baada ya hapo. Tarehe 12 Novemba alitangaza waziwazi kwamba mpango wa kununua mali mbovu, uliokuwa moyo wa mjadala, umewekwa kando. Kisheria hakukosea, kwa sababu tafsiri ya "mali zenye matatizo" katika sheria ilimruhusu kununua chombo chochote kingine cha fedha ambacho, baada ya kushauriana na mwenyekiti wa Benki Kuu, angeona kinahitajika kwa utulivu wa masoko. Kiuchumi pia nadhani alikuwa sahihi: benki iliyopungukiwa mtaji husaidiwa haraka zaidi kwa kupewa mtaji kuliko kwa kununuliwa karatasi ambazo hakuna anayejua bei yake. Lakini Bunge lilikuwa limepigia kura jambo moja na nchi ikapata lingine.

Upana wa maneno hayo ulionekana tena mwezi Desemba. Muswada wa kuyakopesha makampuni ya magari ulipita katika Baraza la Wawakilishi ukakwama Seneti tarehe 11 Desemba. Siku 8 baadaye Rais Bush akatangaza mikopo ya dola bilioni 17.4 kwa General Motors na Chrysler kutoka katika fedha zilezile za kunusuru masoko. Mtu anaweza kuufurahia uamuzi huo kwa sababu ya ajira zilizookolewa, nami siwalaumu wanaoufurahia, lakini ni lazima akubali kwamba serikali ilitumia kura ya Oktoba kufanya jambo ambalo Seneti ilikuwa imelizuia mwezi Desemba.

Kuhusu kurudi kwa fedha, hapa ndipo kazi ya zile siku tisa inapoonekana. Dola bilioni 700 hazikutumika zote. Sheria ya mwaka 2010 ya kurekebisha sekta ya fedha ilipunguza kiwango hicho hadi bilioni 475, na zilizotoka hasa ni takriban bilioni 443. Mabenki yalipewa takriban bilioni 245, na kwa kuhesabu marejesho, gawio na mauzo ya zile hati za kununua hisa, hazina ilipokea takriban bilioni 275. Hati hizo hazikuwamo katika kurasa tatu za mwanzo. Hasara ilitokea kwingine: kwenye makampuni ya magari takriban bilioni 12, na kwenye misaada ya wenye nyumba, ambayo tangu mwanzo haikukusudiwa kurudishwa. Ofisi ya bajeti ya Bunge ilikadiria gharama halisi ya mpango wote kuwa karibu dola bilioni 31. Nakuomba tu usiichukue namba hiyo kuwa hukumu kamili, kwa kuwa haihesabu mikopo mikubwa zaidi ya Benki Kuu iliyokwenda sambamba na mpango huu, wala haihesabu faida ambayo benki kubwa ilipata kwa watu kuamini kwamba haitaachwa ianguke.

Namba zinazobaki kunisumbua ni za wenye nyumba. Sheria ilimtaka Waziri alinde makazi ya watu, na mwezi Januari 2009, Seneti ilipopiga kura 52 dhidi ya 42 kuruhusu dola bilioni 350 za awamu ya pili, ahadi ya kuwasaidia waliokaribia kupoteza nyumba ilikuwa miongoni mwa sababu zilizotajwa. Dola bilioni 50 zilitengwa, lengo likawa kuzifikia familia milioni 3 hadi 4. Utekelezaji uliachiwa kampuni zilezile zilizokuwa zikikusanya marejesho ya mikopo, ambazo mara nyingi zilipata zaidi kwa kuiuza nyumba kuliko kupunguza deni, na lengo hilo halikufikiwa. Mabenki 9 yalipata mtaji wao baada ya kikao kimoja cha alasiri. Mwenye nyumba alitakiwa kuleta hati za kipato chake, na wengi waliambiwa hati hizo zimepotea, wakazileta mara ya pili na ya tatu, huku tarehe ya mnada ikikaribia.